Kh

Shuleni naitwa Kev.
Jina nilijipa mwenyewe, mwaka wa kwanza,
mwalimu alipokwama kwenye la kwangu
kama mtu aliyenaswa na mwiba wa samaki.
"Sema Kev tu," nikamwambia, nikimwonea huruma,
na tangu siku hiyo huruma yote ikaenda kwake.

Mama yangu, Mize binti Shaame, wa Wete,
hupakua chakula hapo hapo shuleni:
wavu wa nywele juu ya mtandio,
glavu za buluu, kijiko kikubwa cha njegere.
Soseji za nguruwe huzishika kwa koleo refu,
kwa adabu, kama mtu amshikiaye jirani mzigo wake.
Tulikubaliana bila kukubaliana:
mimi kwenye foleni, yeye nyuma ya kioo.
"Asante," nasema, kwa Kiingereza.
"Anayefuata," anajibu, kwa Kiingereza.
Mwaka mzima na nusu.
Jioni, juu ya duka la simu, barabara ya Wellingborough,
hunivua koti lililolowa, akaniuliza nimekula nini,
kana kwamba si yeye aliyenipakulia.

Jumanne Callum aliiga Kiingereza chake,
kile anachokitamka silabi kwa silabi
kama anayehesabu chenji kiganjani mwa mtoto.
Meza nzima ikacheka.

Nami nilicheka.

(Mstari huo nimeuacha peke yake makusudi.)

Ijumaa, samaki. Nje mvua ya Northampton,
ile isiyonyesha wala isiyoacha.
Usiku wake televisheni ilisema jambo:
mji mwingine, kisu, jina linalofanana na majina yetu.
Callum akakiinamia kioo:
"Bibi, leo bomu liko kwenye njegere,
au umelificha chini ya hicho kitambaa?"
Bwana Pritchard, zamu yake mlangoni,
alichungulia ndani ya kikombe chake cha chai
kama aliyedondosha kitu humo.
Mama akauliza, "Njegere au maharage?"
Mkono haukutetemeka. Kijiko ndicho kilichotetemeka.

Wazee husema kimya kingi kina mshindo mkuu.
Changu hakikuwa na mshindo wowote.
Kilikuwa na harufu ya siki na mafuta ya kukaangia,
na trei mikononi, yenye joto upande mmoja.

"Huyo ni mama yangu."

Nilitaka itoke nzito, sauti ya baba.
Zikatoka mbili, nusu mwanamume, nusu kifaranga,
maana nina miaka kumi na minne na koo langu halijaamua.
Mtu akacheka. Nikairudia.
"Ni mama yangu. Huamka saa kumi na moja alfajiri.
Anamjua kila mmoja wenu asiyeruhusiwa karanga.
Wewe, Callum. Kijiko chako hukiosha kando, kila siku.
Hicho kitambaa ndicho kichwa kinachokukumbuka."
Halafu, kwa Kiswahili, kwa sababu hii ilikuwa yake tu:
"Na Jumanne nilicheka, mama. Niwie radhi."

Hapakuwa na makofi. Watu hudhani huwa na makofi.
Callum aliiva hadi masikioni, akasema ni mzaha.
Bwana Pritchard akakohoa, akataka foleni iendelee.
Oliwia, ambaye hatujawahi kusemezana,
alisogeza trei yake ikagusa yangu.
Na mama, macho kwenye njegere:
"Sogea, Khelef, wenzio wana njaa."
Mbele ya watu wote. Kh nzima,
ile ya chini kabisa, isiyoomba ruhusa kwa ulimi.
Sahani yangu ilijaa kupita kanuni.

Jumatatu, majina yakiitwa,
mwalimu alisema Kev. Nikanyamaza.
Akasema tena.
"Khelef," nikasema.
"Kelef?"
"Kh. Kama unapumulia miwani ili uifute."
Akaivua. Akajaribu, akajaribu tena.
Mara ya tatu
ukungu mdogo ulitua kwenye kioo.